Jinamizi Kando ya Ziwa: Hofu za Usingizini katika Historia ya Ujiji na Mwambao wa Tanganyika

Kiswahili kimeyapa majina mbalimbali mambo yanayompata mtu usiku, na majina hayo yanastahili kutenganishwa mapema kwa kuwa historia inayofuata inayategemea. Ndoto ni yale ayaonayo mtu aliyekwisha kuzama usingizini, na inapobeba bishara huitwa njozi au ruya; mang'amung'amu ni hali ya kuwa kati ya kulala na kuwa macho, wakati mlalaji bado anaisikia mvua juu ya paa lakini fikra zake zimeanza kwenda zenyewe; maruerue ni sura na sauti zinazomjia mtu, hasa mgonjwa wa homa, ambazo aliyeketi kando yake hazioni wala hazisikii; na kuweweseka ni kusema, kulia au kutapatapa katika hali hizo. Jinamizi hutumika nyakati nyingine kwa ndoto yoyote ya kutisha, ila maana yake iliyo kali zaidi ni ile ya kulemewa: mtu hujikuta ameamka, anakitambua chumba alimolala na pengine anamsikia mwenzake akikoroma ubavuni, lakini hawezi kuinua hata kidole, sauti haitoki, kifua kimekuwa kizito kana kwamba kimekaliwa, na anahisi bila shaka yoyote kwamba ndani ya chumba hicho kuna kiumbe kinachomtazama. Wengi hukieleza kisa hicho kwa neno moja tu, kukabwa.

Historia ya Ujiji iliyozoeleka ni historia ya mchana. Wasomaji wanaufahamu mji huo kwa pembe za ndovu zilizovushwa kutoka Manyema, kwa chumvi ya Uvinza na mawese ya Uha, kwa shanga za sofi zilizotumika sokoni kama fedha, kwa watumwa waliosubiri safari ya kwenda pwani, na kwa mwembe ambao chini yake David Livingstone na Henry Morton Stanley wanaaminiwa kukutana mwaka 1871. Hata hivyo, mji uliokuwa kituo cha mwisho cha njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, na mlango wa safari za ziwani, ulikuwa kwanza mahali pa kulala kwa watu waliochoka, waliougua, waliotekwa na waliokuwa mbali na kwao, na hao ndio watu ambao hofu za usingizini huwaandama zaidi. Usiku wao nao ni sehemu ya historia ya mji, ingawa umeacha maandishi machache na yaliyotawanyika, mengi yakiwa yameandikwa na wageni.

Kabla ya kuyafuata maandishi hayo, inafaa kueleza jinsi sayansi ya sasa inavyolielewa tukio lenyewe. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba usingizi wa mwanadamu una vipindi ambavyo macho hucheza haraka chini ya kope, na kwamba anayeamshwa katika vipindi hivyo mara nyingi husimulia ndoto. Miaka michache baadaye Michel Jouvet wa Lyon, Ufaransa, alionyesha kwa kuchunguza paka kwamba katika usingizi huohuo misuli ya mwili hulegezwa kabisa, kwa sababu shina la ubongo hupeleka kwenye uti wa mgongo amri ya kuzizima neva zinazoendesha viungo. Ulegevu huo ni kinga, maana bila huo mlalaji angekimbia, angepigana na angeruka kitandani kwa kuyatenda ayaotayo. Jinamizi hutokea pale ambapo akili inaamka kabla kinga hiyo haijaondoka, au, kwa baadhi ya watu, pale ambapo usingizi wa ndoto unaingia mapema mno, mtu akiwa ndiyo kwanza anasinzia. Kifua huonekana kulemewa kwa sababu misuli iliyo kati ya mbavu imelegea na pumzi inaendeshwa na kiwambo cha chini ya mapafu peke yake, hivyo anayejaribu kuvuta pumzi ndefu kwa makusudi hushindwa na kudhani anakabwa. Na kiumbe kilichomo chumbani ni ndoto inayoendelea huku macho yamefunguka, ikichochewa na sehemu za ubongo zinazolinda dhidi ya hatari. Jina la kitabibu, kupooza kwa usingizi, lilitolewa na daktari wa neva S. A. Kinnier Wilson mwaka 1928. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikadiria kwamba karibu watu 8 kati ya kila 100 hupatwa na hali hiyo angalau mara moja maishani, na kwamba kiwango ni kikubwa zaidi kwa wanafunzi na kwa wagonjwa wa akili. Tukio huchukua sekunde kadhaa hadi dakika chache, huisha lenyewe, na halimwui mtu. Jamaa zake wadogo ni ule mshtuko wa kuhisi unaporomoka shimoni wakati usingizi unapokuja, na kile kishindo cha ghafla kichwani, mithili ya bunduki au mlango uliobamizwa, ambacho humwamsha mtu huku wengine nyumbani hawakusikia chochote.

Maelezo hayo yana umri usiozidi miaka mia moja, ilhali watu wa mwambao wa Tanganyika walikuwa na maelezo yao karne nyingi kabla, tena zaidi ya aina moja, kwa kuwa Ujiji ulikuwa mji wa makutano. Wajiji, ambao ni tawi la Waha, walikuwa na wateko, yaani wasimamizi wa ardhi na maji waliokuwa na wajibu wa kuituliza mizimu ya mahali. Kutoka ng'ambo ya magharibi walikuja Wabembe, Wagoma, Waholoholo na watu wa makabila mengi waliokuja kuitwa kwa pamoja Wamanyema, wengi wao wakiwa wameletwa kwa nguvu. Na kutoka mashariki walikuja Waswahili wa Mrima na Waarabu wa Oman, ambao walianza kuishi hapo katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na ambao kwa miaka mingi, hadi alipofariki mwaka 1885, walimtambua Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, kuwa kiongozi wao. Kila kundi lilikuja na namna yake ya kuuelezea mkono usioonekana unaomshika mlalaji, na namna hizo ziliishi jirani, nyumba kwa nyumba, zikaazimana majina na dawa.

Neno jinamizi lenyewe lina mguso wa makutano hayo. Sikio linalolisikia hukumbuka jini, neno lililotoka katika Kiarabu, na hukumbuka pia kitenzi cha Kibantu inama, ambacho kimebeba wazo la kulemewa na kuinamishwa. Iwe asili yake ni ipi, mzungumzaji wa kawaida huzisikia maana zote mbili kwa pamoja, kiumbe na uzito. Waarabu kwa upande wao walikuwa na kabusi na jathumu, maneno mawili yanayotokana na mizizi yenye maana ya kukandamiza na kukalia. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alilitenga kabusi katika kitabu chake cha tiba, Al-Qanun, kama ugonjwa wenye sababu za kimwili, akieleza kwamba mvuke mzito hupanda hadi kwenye ubongo wa aliyelala, na akaonya kuwa likijirudia linaweza kutangulia kifafa au kiharusi. Jambo hilo linafaa kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba maelezo ya kiroho na maelezo ya kitabibu yalikuja Afrika Mashariki kwa zamu, moja la kale na jingine la kisasa, kwa maana katika elimu ya Kiislamu yaliishi pamoja kwa takriban miaka elfu moja.

Katika maisha ya kila siku, hata hivyo, mwanamume au mwanamke wa Ujiji hakumwendea Ibn Sina bali alimwendea mwalimu wa chuo cha Kurani. Waliokuwa wakikabwa mara kwa mara walielekezwa kutawadha kabla ya kulala, kusoma Ayatul Kursi na sura mbili za mwisho za Kurani, na kulala kwa ubavu wa kulia kama ilivyo katika sunna; iliposhindikana, mwalimu aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha kwa maji na kumpa mgonjwa anywe, dawa inayoitwa kombe, au alimfungia hirizi na kufukiza ubani chumbani. Ni vyema kusema wazi kwamba baadhi ya mashauri hayo yana manufaa ya kimwili yasiyohitaji imani. Uchunguzi wa sasa umeonyesha kwamba kupooza kwa usingizi hutokea zaidi kwa anayelala chali, hivyo ubavu wa kulia ni kinga halisi. Na dua inayosomwa kwa utulivu kila usiku kwa saa ileile humpa mtu ratiba ya kulala na humpunguzia wasiwasi, na wasiwasi pamoja na usingizi uliovurugika ndivyo vichochezi vikubwa vya hali hii.

Maandishi marefu ya kwanza kuhusu hofu za usingizini katika njia ya Ujiji yaliachwa na Waingereza wawili walioongoza msafara wa mwaka 1857 hadi 1859, Richard Burton na John Hanning Speke. Wakiwa bado katika nchi ya Wakutu, si mbali sana na pwani, homa ilimshika Burton, na katika kitabu chake kuhusu safari hiyo alieleza kwamba wakati wa homa alijihisi kuwa watu wawili wanaopingana ndani ya mwili mmoja, na kwamba nyakati za usiku, usingizi ulipomkataa, alitokewa na wanyama wenye maumbo ya kuchukiza, wanawake vikongwe na wanaume ambao vichwa vyao vilichomoza vifuani. Mtu anayesoma vitabu vya kale vya Ulaya atawatambua viumbe hao wa mwisho mara moja, kwa kuwa waandishi wa Ugiriki na Roma, akiwemo Plinio, walikuwa wamewaweka Afrika watu wasio na vichwa wenye nyuso vifuani. Burton, msomi wa lugha nyingi, alikuwa amewasoma kabla hajaondoka kwao. Maruerue yake hayakutoka katika misitu ya Wakutu, aliyabeba mwenyewe kutoka maktabani.

Januari 1858, karibu na mwisho wa safari, Burton alipooza miguu na mikono kwa ugonjwa ulioambatana na homa, na ilimchukua karibu mwaka mzima kuweza kutembea vizuri tena, wakati Speke alikuwa amekaribia kupofuka kwa maradhi ya macho. Walipofika Kawele, sehemu ya Ujiji iliyokuwa bandari, Februari 1858, baada ya safari ya karibu miezi minane, Burton alilazwa chini kwa takriban wiki mbili, akiwa dhaifu kiasi cha kutoweza kuzungumza na watu. Picha ya mgunduzi anayelitazama ziwa kwa ushindi, ambayo vitabu vya shule vilirithi, inapaswa kuwekwa kando ya picha hii ya mtu aliyelala sakafuni, asiyeweza kuinuka.

Kisa kikubwa zaidi kilitokea wakati wa kurudi. Mnamo Oktoba 1858, msafara ukiwa umeondoka Kaze, karibu na mahali ulipo mji wa Tabora leo, Speke aliugua huko Hanga kwa maumivu yaliyoanzia juu ya ziwa la kulia kama chuma cha moto na kuenea hadi tumboni. Burton anasimulia kwamba Speke aliamka kutoka katika ndoto ambamo chui milia, chui na wanyama wengine, waliofungwa lijamu za kulabu za chuma, walikuwa wakimburuta ardhini kwa kasi ya kimbunga, na kwamba maumivu yalipomrudia mara ya pili alizungukwa na mashetani, majitu na viumbe wenye vichwa vya simba waliokuwa wakimng'oa kano za miguu hadi kwenye vifundo. Hapa pia mlalaji alijaza usiku kwa vyake, kwa maana chui milia hayupo Afrika. Speke alikuwa amelitumikia kwa miaka kumi jeshi la Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki huko India, ambako muda wake wa mapumziko ulikwisha katika uwindaji.

Lakini sehemu ya kisa hicho inayostahili kukaa katika historia ya Ujiji na ya njia yake inamhusu mtu mwingine. Katikati ya maumivu Speke alimwita Sidi Mubarak Bombay, mbeba bunduki wake, na Bombay hakushangaa wala hakukimbia. Aliutambua ugonjwa, akaupa jina, na akamlaza mgonjwa kwa namna ambayo mwenye ugonjwa huo hupaswa kulazwa, kwa sababu yeye mwenyewe alikwisha kuupata zamani. Burton aliliandika jina hilo kwa tahajia ambayo leo ingesomeka kichomachoma, na akalifasiri kuwa vyuma vidogo, akidhani bila shaka kwamba limetokana na chuma. Sikio la Mswahili husikia tofauti, husikia kitenzi choma, na humkumbuka ndugu wa neno hilo ambaye bado yumo katika matumizi, kichomi, yaani maumivu makali ya ubavuni na pia nimonia. Kosa hilo dogo la tafsiri linaonyesha umbali uliokuwepo kati ya aliyeshika kalamu na aliyeushika mwili wa mgonjwa. Ugonjwa wa Speke haukuwa kupooza kwa usingizi kwa maana yake kamili, maana ulikuwa na homa, maumivu na degedege, na mwanahistoria hana haki ya kuyaunganisha yote kwa sababu tu yana mashetani ndani yake. Hata hivyo, unathibitisha kwamba miongoni mwa watu wa msafara kulikuwa na elimu ya hofu za usiku, yenye majina, mikao na uzoefu, ambayo haikuandikwa na mtu yeyote isipokuwa pale mzungu alipougua.

Miaka kumi baadaye maruerue yaliandikwa tena, safari hii njiani kuelekea Ujiji. Livingstone alikuwa amepoteza sanduku lake la dawa Januari 1867, baada ya mpagazi kutoroka nalo, na Januari 1869, akiwa upande wa magharibi wa ziwa, alishikwa na nimonia na ikabidi abebwe na watu wa msafara wa Muhammad Bogharib, mfanyabiashara Mwarabu aliyemtunza. Katika shajara yake alieleza kwamba mawazo yalimpita kwa kasi, kwamba kila alipotazama gome la mti aliliona limejaa sura na maumbo ya watu, na kwamba sura hizo hazikuondoka hata alipogeuza macho na kuyarudisha palepale. Alijiona pia amelala njiani kuelekea Ujiji, akiwa maiti, na barua alizozitarajia huko zikiwa hazina faida tena. Aliingia Ujiji tarehe 14 Machi 1869. Katika mambo yote yaliyoandikwa juu ya mji huo na wageni, pengine hakuna linaloonyesha vyema zaidi jinsi ulivyokaa katika fikra za msafiri mgonjwa kuliko hili, kwamba katika saa ya maruerue alichokiona ni barabara ya kwenda huko.

Shajara hiyohiyo ina maandishi mengine ambayo ni mazito zaidi. Akiwa Manyema, Livingstone aliandika juu ya watu huru waliotekwa na kufanywa watumwa, ambao walipovushwa mto Lualaba na kujua kwamba kurudi hakupo, walikufa mmoja baada ya mwingine bila ugonjwa mwingine alioweza kuutambua, wakilalamikia maumivu ya moyo tu na kuweka mkono kifuani. Alilihesabu jambo hilo kuwa ugonjwa wa ajabu kuliko yote aliyoyaona katika nchi hiyo. Wengi kama hao, waliosalimika, waliletwa hadi ukingo wa Tanganyika na kuvushwa kwa mitumbwi hadi Ujiji, wakiwa na minyororo, njaa na kumbukumbu za vijiji vilivyochomwa. Watu hao hawakuachiwa nafasi ya kusimulia kilichowakalia vifuani usiku, na ukimya huo katika maktaba za historia ni matokeo ya utumwa kama ilivyo minyororo yenyewe. Wajukuu wao ni sehemu kubwa ya wakazi wa mji.

Ziwa lenyewe lilikuwa na hofu zake. Wenyeji na wafanyabiashara waliwasimulia wasafiri habari za Kabogo, mahali ambapo maji hunguruma kama radi na mitumbwi mingi ilipotea, na Stanley aliandika kwamba waliopita hapo, Waarabu wakiwemo, walitupa majini nguo na shanga nyeupe ili kumtuliza mungu wa ziwa. Verney Lovett Cameron, aliyefika Ujiji Februari 1874, naye alishuhudia waongozaji wake wa mtumbwi wakitoa sadaka ya shanga kwa wenye mahali walipokuwa wakipita kwenye rasi. Kwa waliolala ufukweni baada ya safari kama hiyo, mzimu wa majini na kiumbe cha mang'amung'amu havikuwa mambo mawili.

Uvuvi umeongeza sababu nyingine. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku, kwa kuwa hufuata mwanga. Wavuvi wa kale waliwasha moto kwenye mitumbwi, katikati ya karne ya 20 ikaenea karabai, na sasa zipo taa za betri na za jua, ila mpangilio umebaki uleule, kwamba mvuvi huingia majini jua linapozama, hurudi alfajiri, hulala mchana kwenye joto na kelele za mwalo, kisha hupumzika wakati wa mbalamwezi na kujaribu kwa siku hizo chache kulala usiku kama watu wengine. Usingizi unaohamishwa hivyo kila mwezi ni mojawapo ya mambo yanayojulikana kuchochea kupooza kwa usingizi, popote duniani, kwa wauguzi wa zamu kama kwa wavuvi. Katika mialo ya Kigoma mvuvi anayekabwa mara kwa mara aghalabu huambiwa kwamba kuna mwenye jicho la husuda juu ya wavu wake.

Mwanzoni mwa karne ya 20 usingizi wenyewe uligeuka shughuli ya serikali. Malale, ugonjwa unaosababishwa na vijidudu vinavyoenezwa na mbung'o, ulienea kwenye mwambao wa Tanganyika, na utawala wa Kijerumani ulifungua kambi za wagonjwa, ukafyeka vichaka vya ufukweni na kuhamisha vijiji, ukitumia dawa ya atoksili ambayo Robert Koch alikuwa ameijaribu katika visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907. Dawa hiyo yenye aseniki iliwapofusha baadhi ya wagonjwa, na si ajabu kwamba watu wengi walizikwepa kambi. Waingereza nao, katika miaka ya 1930, waliwakusanya watu wa Uha katika makazi makubwa kwa sababu ya ugonjwa huohuo, na mapori waliyoyaacha yakabaki matupu. Malale yanahusiana na mada hii kuliko jina lake linavyoonyesha. Mgonjwa halali tu kupita kiasi. Saa zake za kulala na kuamka hupinduka, na vipimo vya ubongo vilivyofanywa katika miongo ya karibuni vimeonyesha kwamba huingia katika usingizi wa ndoto moja kwa moja, bila kupitia hatua za mwanzo, ambao ndio mlango uleule unaoleta maruerue na ulegevu wa mwili mtu anaposinzia. Maafisa wa kambi walihesabu tezi za shingoni na vijidudu vya damuni. Ndoto za wagonjwa hawakuzihesabu.

Upande mchungu wa maelezo ya kale haufai kufichwa. Jinamizi likishapewa sura ya kiumbe ni rahisi kumpa kiumbe huyo jina la jirani, na mara nyingi jirani huyo huwa mwanamke mzee, mjane au mgeni anayeshukiwa kuwanga, yaani kutembea usiku kwa uchawi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, iliyotungwa na Waingereza na kurithiwa na Tanzania, inakataza kumtuhumu mtu kuwa mchawi, lakini haimsaidii aliyeamka saa tisa usiku akiwa na hakika kwamba amemwona mtu kifuani pake. Mfano unaojulikana zaidi ni wa visiwani, ambako mwaka 1995 hofu ya Popobawa, kiumbe aliyesemwa kuwalemea watu vitandani mwao, ilianzia Pemba na kufika Unguja. Familia zililala nje kwa pamoja zikizunguka moto, na katika mji wa Zanzibar mtu mmoja kutoka bara, aliyekuwa na matatizo ya akili, aliuawa na kundi la watu waliodhani ndiye. Masimulizi mengi ya waathirika, ya kuamka bila kuweza kusogea wala kupiga kelele, yanalingana kabisa na kupooza kwa usingizi. Aliyekufa hakuwa na hatia yoyote, na maelezo ya aya moja, yakitolewa mapema na kwa lugha inayoeleweka, yangeweza kumwokoa.

Katika mkoa wa Kigoma wa leo haja hiyo ni kubwa kwa sababu ya wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya mashariki mwa Kongo, na kuanzia mwaka 2015 ikapokea pia Warundi kwa makumi ya maelfu. Utafiti wa Devon Hinton na wenzake miongoni mwa wakimbizi wa Kambodia nchini Marekani ulionyesha kwamba walioathirika na mauaji na mateso hukabwa usiku mara nyingi kuliko watu wengine, na kwamba kiumbe wanachokiona aghalabu huwa na sura ya aliyewatesa au ya ndugu aliyeuawa. Mkimbizi anayemwambia mhudumu wa afya kwa Kiswahili cha Kongo kwamba usiku anakaliwa hapaswi kujibiwa kwamba ni ndoto tu, wala kupelekwa moja kwa moja kwa anayetoa mapepo. Ametaja dalili, tena kwa neno sahihi.

Sidi Mubarak Bombay alifika Ujiji mara tatu, mwaka 1858 pamoja na Burton na Speke, mwaka 1871 pamoja na Stanley, na mwaka 1874 pamoja na Cameron, ambaye aliandamana naye hadi pwani ya Bahari ya Atlantiki. Alikuwa Myao, alitekwa akiwa mtoto, akauzwa na kupelekwa India, na baada ya bwana wake kufariki alirudi Zanzibar akiwa mtu huru. Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa nishani ya fedha na pensheni, na alifariki mwaka 1885. Wasafiri aliowaongoza waliandika maelfu ya kurasa zenye homa zao, ndoto zao na mashetani yao. Kuhusu usiku wa Bombay mwenyewe, yaliyobaki ni sentensi moja ya Burton, kwamba aliwahi kuugua kichomachoma na alijua namna ya kumlaza mtu.